Mko Wapi? Kujua Mahali Ulipo Nyikani kwa Ramani na Dira

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Ni methali nzuri, nasi hatuna ugomvi nayo kijijini, ambako ukipotea utamkuta mtoto anayechunga mbuzi akuelekeze. Lakini nyikani mambo ni mengine. Huko unaweza kupotea njia na usirudi kumweleza mtu yeyote njia uliyoijua.

Vikundi vyetu vingi vinafanya kazi mbali na nyumbani. Kuna wanaotundika mizinga ya nyuki, wanaofuata ng'ombe waliopotea, wanaotafuta chemchemi ya kuchimba, na wanaopanda miti milimani. Wote hawa siku moja wanaweza kuulizwa swali fupi: "Mko wapi?" Katika makala hii tunataka kueleza jinsi ya kulijibu swali hilo kwa ramani na dira. Si kazi ya wanajeshi au wasomi peke yao. Mtu aliyefika darasa la sita anaiweza, na mzee ambaye hakusoma kabisa ana sehemu yake kubwa, kama mtakavyoona.

SIKU TULIYOULIZWA

Miaka michache iliyopita sisi wawili wa ofisi hii tulifuatana na kikundi cha wafugaji wa nyuki katika nyika iliyo kati ya mlima Kasigau na mji wa Voi, wilaya ya zamani ya Taita. Anayeijua nyika hiyo anajua ilivyo. Ni tambarare, ina vichaka vya miiba na mibuyu, na ukitembea ndani yake huoni mbali. Vilima unaviona ukipanda mahali palipoinuka tu. Ndovu wako, na maji ni ya shida.

Tulikuwa watu sita. Mchana wa siku ya pili, kijana mmoja alianguka kutoka juu ya mti alipokuwa akitundika mzinga, akavunjika mguu. Tulimfunga mguu kwa fito na leso, lakini kumbeba katika miiba ile kwa masaa mengi ilikuwa haiwezekani. Maji yaliyobaki yalikuwa lita tano.

Karibu nasi kulikuwa na mwamba mkubwa. Mmoja wetu alipanda juu yake, simu ikapata mtandao kidogo, akapiga kwa ofisi ya ranchi ya jirani kuomba gari.

"Mko wapi?" wakauliza.

"Tuko karibu na mbuyu mkubwa, kuna na korongo."

"Nyika nzima ina mibuyu, ndugu yangu. Mko wapi hasa?"

Hapo ndipo tulipotambua kwamba tulijua tulikotoka na tulikotaka kwenda, lakini mahali tulipokuwa hatukupajua kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kupafikia. Mambo hayo ni mawili tofauti. Bahati nzuri tulikuwa na dira na ramani mfukoni, na ofisi ile ilikuwa na ramani kama yetu ukutani. Tuliwaambia watupe nusu saa. Yaliyotokea katika nusu saa hiyo tutayasimulia tukishaeleza kazi yenyewe.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Vifaa ni vichache:

1. Ramani ya eneo lenu. Inayofaa zaidi ni ile ya kipimo cha 1:50,000, inayotolewa na idara ya serikali ya Survey of Kenya, ambayo makao yake yako Ruaraka, Nairobi. Maana ya 1:50,000 ni kwamba sentimita moja juu ya ramani ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Kwa sehemu kame za kaskazini mwa nchi ziko zaidi za 1:100,000.

2. Dira. Iliyo rahisi kutumia ni ile yenye bamba la plastiki linalopitisha mwanga, duara linalozunguka lenye digrii 360, na mshale uliochorwa kwenye bamba.

3. Penseli iliyochongwa vizuri, raba na rula.

4. Karatasi ya plastiki ya kufunika ramani. Jasho na umande vimeharibu ramani nyingi kuliko panya.

Mara nyingi vilima mnavyoviona viko katika karatasi ya ramani iliyo jirani na yenu. Basi nunueni zote zinazohitajika, mziunganishe kwa gundi, mistari ikutane sawasawa. Ramani ya 1:250,000 pia inasaidia kwa sababu inaonyesha eneo kubwa, ila juu yake milimita moja ni mita 250, kwa hiyo usitarajie usahihi mkubwa.

KWANZA ISOME RAMANI

Ramani ya 1:50,000 imegawanywa kwa mistari ya miraba. Kila mraba una sentimita mbili kila upande, yaani kilomita moja ardhini. Mistari inayosimama inaelekea kaskazini, na juu ya karatasi ndiko kaskazini.

Mistari ya rangi ya kahawia inayozungukazunguka ni ya mwinuko. Kila mstari unapita mahali penye kimo kimoja. Ikibanana, hapo pana mteremko mkali. Ikiachana, hapo ni tambarare. Ikifanya duara dogo ndani ya duara kubwa, hicho ni kilima.

Jambo moja la kukumbuka: ramani nyingi za Kenya zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege miaka mingi iliyopita. Njia za miguu zimebadilika, vijiji vimekua, mabwawa mengine yamejaa mchanga. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, huwezi kuiona katika ramani ya zamani. Kwa hiyo mkitafuta alama za kupimia, chagueni vitu visivyohama, kama kilele cha mlima, ncha ya kilima, au mahali mito miwili inapokutana. Mlima haujengwi upya.

SASA IJUE DIRA

Sindano ya dira ina ncha mbili, na moja, kwa kawaida nyekundu, huelekea kaskazini. Digrii zinahesabiwa kutoka kaskazini kwenda kulia: kaskazini ni 0 au 360, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270.

Dira ina adui mmoja, chuma. Panga kiunoni, jembe begani, redio, simu, waya wa ua, bati la nyumba, gari, nyaya za umeme, vyote vinaivuta sindano. Weka panga na simu chini, ondoka hatua kadhaa ndipo upime. Gari liache mbali zaidi, hatua thelathini au zaidi.

Wengine wameuliza, je, ni kweli dira haionyeshi kaskazini hasa? Ni kweli. Sindano hufuata sumaku ya dunia, nayo haielekei kaskazini ya ramani barabara. Katika nchi nyingine tofauti hiyo ni kubwa. Cape Town, Afrika Kusini, inapita digrii 20, na asiyeirekebisha atapotea kabisa. Hapa kwetu tumejaliwa. Katika sehemu kubwa ya Kenya tofauti hiyo siku hizi haifiki digrii mbili, kwa hiyo kwa kazi za kawaida za kikundi unaweza kuiacha.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Sindano haivutwi upande tu, inavutwa na chini pia. Kwetu ncha ya kusini ndiyo inayoinama. Katika Ulaya ni ncha ya kaskazini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikiletwa huku, sindano yake inaweza kukwaruza bamba na kukwama. Kabla ya kulipa pesa, ishike dira sawa mkononi, ugeuke polepole mzunguko mzima, na utazame kama sindano inaelea kwa uhuru. Ikisitasita, mrudishie mwenyewe.

KUTAFUTA MAHALI ULIPO, HATUA KWA HATUA

Wazo lenyewe ni rahisi. Ukiwa unaona kilima unachokijua, na ukajua kiko upande gani kwako, basi wewe uko mahali fulani juu ya mstari mmoja unaotoka kwenye kilima hicho. Hujui ni wapi juu ya mstari. Ukipima kilima cha pili, unapata mstari wa pili. Mistari miwili ikikatana, uko hapo inapokatana. Kilima cha tatu ni shahidi wa kuhakikisha kwamba hao wawili hawakudanganya.

Hatua ya kwanza: Simama. Usitembee huku ukitafuta mahali ulipo. Kila hatua unayopiga bila kujua inaongeza kazi. Kunywa maji kidogo, utulie.

Hatua ya pili: Panda mahali palipoinuka, uelekeze ramani. Iweke chini, weka dira juu yake, uizungushe ramani mpaka kaskazini ya ramani ielekee upande mmoja na sindano. Sasa vitu vya ramani viko upande ule ule vilivyo ardhini.

Hatua ya tatu: Chagua vilima vitatu unavyovijua kwa majina na unavyoviona kwenye ramani. Visiwe upande mmoja vyote. Vilima viwili vilivyokaribiana, au vilivyo mbele na nyuma yako katika mstari mmoja, vitakupa mistari inayopishana kwa ncha nyembamba, na hutajua inakatana wapi hasa. Vizuri zaidi ni vilima vilivyoachana kama pembe ya meza.

Hatua ya nne: Pima kilima cha kwanza. Shika dira mbele ya kifua, sawa kama sahani ya uji uliojaa. Elekeza mshale wa bamba kwenye kilele. Zungusha duara mpaka alama ya kaskazini iliyochorwa ndani yake ilale sawa chini ya ncha nyekundu. Soma digrii mahali mshale wa bamba unapokutana na duara. Iandike. Pima tena mara ya pili, na umpe mwenzako apime mara ya tatu.

Hatua ya tano: Peleka kwenye ramani. Usiguse duara tena. Weka ukingo wa bamba juu ya kilele cha kilima hicho kwenye ramani, mshale ukielekea mbele kwenye kilima. Izungushe dira nzima, si duara, mpaka mistari iliyo ndani ya duara ilale sambamba na mistari ya ramani inayokwenda kaskazini, alama ya kaskazini ikiwa juu. Hapa usiangalie sindano kabisa, haina kazi. Chora mstari kutoka kilimani kurudi nyuma, upande wako.

Hatua ya sita: Fanya vivyo hivyo kwa kilima cha pili na cha tatu.

Mkitaka kuhakikisha, kuna hesabu ndogo. Kama wewe unakiona kilima katika digrii 50, basi mtu aliye kilimani anakuona wewe katika digrii 50 ukijumlisha 180, yaani 230. Namba ikiwa zaidi ya 180, unatoa 180 badala ya kujumlisha. Mstari uliouchora ufuate upande huo. Wengi hukosea kwa kuchora mstari upande wa pili wa kilima, wakajikuta kwenye ramani wako kilomita nyingi ng'ambo!

PEMBETATU NA YALE YALIYOTUPATA

Mistari mitatu ni nadra kukatana mahali pamoja kabisa. Kwa kawaida hufanya pembetatu ndogo katikati. Hilo si kosa la kukutisha. Mkono hutetemeka, na kosa la digrii moja kwa kilima kilicho umbali wa kilomita 10 linakupeleka kando karibu mita 175. Pembetatu ikiwa ndogo, chukua katikati yake, kisha tazama ardhi. Ramani inasema pana korongo upande wa mashariki, je, unaliona? Inasema mteremko unashuka kusini, je, unashuka?

Pembetatu ikiwa kubwa, hapo kuna uongo mahali.

Sasa turudi kwenye mwamba wetu. Tulipima Kasigau, tukapata digrii 150. Tulipima Sagalla, tukapata digrii 5. Upande wa kaskazini mashariki kulikuwa na ukungu wa joto, tukaona kilima, tukasema ni Maungu, tukapima digrii 60. Tulipochora, ikatokea pembetatu ambayo upande wake ulikuwa karibu kilomita nne. Kumbe katikati yake ilikuwa kaskazini ya korongo, na sisi tulikuwa kusini. Gari lingekwenda ng'ambo.

Tulidhani ni panga. Tukayaweka mapanga yote chini, tukapima upya. Namba zikawa zile zile. Tulianza kuilaumu dira. Mzee mmoja wa kikundi, ambaye muda wote alikuwa amekaa chini akimpepea yule kijana, akapanda polepole na fimbo yake akatazama.

"Wanangu, hicho mnachokiita Maungu ni nini?" akauliza.

"Ni kile pale, mzee, mbele ya kidole changu."

"Hicho si Maungu. Hicho ni kidogo na kiko karibu. Maungu iko nyuma yake, kushoto kidogo. Ngojeni upepo upeperushe ukungu."

Tulingoja dakika kumi. Kweli Maungu ikatokea, kushoto, kama mzee alivyosema. Tukapima, ikawa digrii 50. Tulipochora mstari huo, pembetatu ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Tukatazama ardhi: korongo kaskazini yetu, kama ramani ilivyosema. Tukapiga simu, tukataja namba, na gari likafika jua lilipokuwa linazama. Dereva alituambia kwamba kama tungempa mahali pa kwanza, angezunguka korongo mpaka usiku, na usiku katika nyika ile hawatembei ovyo kwa sababu ya ndovu.

Funzo tulilolipata tunawapa na ninyi. Dira ilikuwa sawa na ramani ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa letu, kwa kukipa kilima jina kabla ya kukijua. Vifaa hivi havichukui nafasi ya wazee wanaovijua vilima kwa sura zao. Vinahitaji wazee hao. Na wazee nao, kwa ujuzi wao wote, wasingeweza kumweleza kwa simu dereva mgeni mahali pa kuja. Kila upande ulikuwa na nusu ya jibu.

KUPATAJA MAHALI KWA NAMBA

Ukishajua mahali ulipo, mtajie mwenzako kwa namba sita. Kila mstari wa ramani una namba ya tarakimu mbili pembeni. Unaanza na mistari inayosimama, ukihesabu kwenda kulia. Kisha mistari inayolala, ukihesabu kwenda juu. Ili usisahau, kumbuka kwamba huwezi kupanda mnazi kabla ya kuufikia. Kwanza tembea chini, halafu ndipo upande.

Tuseme uko katika mraba ambao mstari wake wa kushoto ni 53 na mstari wake wa chini ni 90. Ugawanye mraba kwa akili katika sehemu kumi kila upande. Uko sehemu ya 8 kwenda kulia, na sehemu ya 9 kwenda juu. Namba yako ni 538 909. Hiyo inamwonyesha mtu eneo la mita 100 kwa mita 100. Mraba wa kiasi hicho mtu akipiga filimbi ndani yake atasikika.

Taja na jina la karatasi ya ramani, kwa sababu namba hizo zinaweza kujirudia mbali kwingine. Na mwambie anayepokea azirudie kwako kabla hujakata simu.

VILIMA VISIPOONEKANA

Kuna siku za ukungu, na kuna misitu ambayo huoni hatua ishirini mbele. Hapo mnaweza kufanya haya:

Hesabuni hatua. Kabla ya kusafiri, pimeni mita 100 kwenye uwanja wa shule, kila mtu ahesabu hatua zake. Nyikani, mmoja ahesabu, mwingine aangalie dira, na kila mita 100 mfunge fundo kwenye kamba. Mkianza mahali mnapopajua, mkajua upande na umbali, mnajua mlipo.

Tumieni mstari mmoja mliopewa na ardhi. Mkiwa juu ya barabara, korongo au ukingo wa msitu ambao uko kwenye ramani, tayari mna mstari mmoja. Mnahitaji kilima kimoja tu kuukata.

Jueni mstari wa kuwazuia. Katika ile nyika ya Kasigau, upande wa kaskazini mashariki kuna barabara kuu na reli, kati ya Voi na Maungu. Aliyepotea akishika upande huo kwa dira hawezi kuzivuka bila kujua. Lakini pimeni umbali kwanza. Kutoka pale tulipokuwa ilikuwa zaidi ya kilomita 20. Kwa lita tano za maji, watu sita na mgonjwa mmoja, kujua mlipo ndiko kunakowaambia mtembee au mkae.

Kuhusu jua, muwe waangalifu. Jua huchomoza mashariki barabara mara mbili tu kwa mwaka, karibu tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Mwezi wa Juni huchomoza karibu digrii 23 upande wa kaskazini wa mashariki, na Desemba kiasi hicho hicho upande wa kusini. Linasaidia kukisia, lakini halifai kuchorea ramani.

NA SIMU JE?

Vijana watatuambia, "Siku hizi simu inaonyesha mahali ulipo, dira ya nini?" Wana haki kwa sehemu. Simu nyingi hupokea alama za setilaiti hata pasipo mtandao, na zinaweza kukupa namba za mahali ulipo. Itumieni mkiwa nayo. Lakini betri huisha, simu huanguka majini, na picha ya ramani haifunguki pasipo mtandao kama haikuwekwa mapema.

Tena kuna mtego. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukizichukua namba za simu ukazitia katika ramani hiyo bila kuzibadilisha, utakosea kwa takriban mita 300. Shambani mita 300 si kitu. Katika kichaka cha miiba usiku, ni mbali sana. Kwa hiyo mkitoa namba, semeni zimetoka wapi, kwenye simu au kwenye ramani.

KIKUNDI KIANZE VIPI

Msingoje siku ya hatari. Tunashauri hivi:

1. Kikundi kinunue ramani na dira kwa mfuko wa kikundi, zikae kwa katibu, ziandikwe katika kitabu cha mali.

2. Anzeni mahali mnapopajua. Simameni mlangoni pa kanisa au shule, mfanye kana kwamba hamjui mlipo, mpime vilima vitatu, mchore. Kama mistari haikukutana penye kanisa, tafuteni kosa liko wapi. Rudieni mpaka ikutane.

3. Waiteni wazee, akina baba na akina mama wanaotembea nyikani, wataje jina la kila kilima kinachoonekana, na sura yake ikitazamwa kutoka pande mbalimbali. Yaandikeni kwenye ramani kwa penseli. Majina mengi hayamo katika ramani za serikali, na wazee wakiondoka yataondoka nao.

4. Kila safari, acheni nyumbani karatasi inayosema mnakwenda wapi, mnapita wapi, na mtarudi lini.

5. Wafundisheni angalau watu wanne, wake kwa waume. Mwenye ujuzi akiwa mmoja, na yeye ndiye akavunjika mguu, mtafanyaje?

Yule kijana alipona, na siku hizi ndiye anayebeba dira ya kikundi. Yule mzee naye ndiye anayeulizwa jina la kilima kabla mtu yeyote hajapima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wanachama wetu hufanya kazi mahali gani ambapo gari au machela haiwezi kufika bila maelezo? Tungepataja vipi leo?

2. Ni vilima gani vitatu vinavyoonekana kutoka mahali hapo? Nani kati yetu anavijua kwa hakika?

3. Mmoja wetu akiumia huko kesho, tungempigia nani simu, na je, yeye ana ramani kama yetu?